Baraza la Kibogoyo

Katika Kata ya Menoni heshima ya mnyama ilipimwa kinywani. Mwenye chonge alipewa kiti cha mbele mkutanoni, mwenye magego alikaa mkekani, na asiye na kitu alisimama nje akichungulia dirishani. Kwa hiyo mbiu ya mgambo ilipolia, na Kasuku, tarishi wa Simba, akasoma kwamba kuanzia siku ile Baraza la Kata halitaamua tena kesi za ardhi bali litasuluhisha tu, Menoni nzima iliangua kicheko mpaka Fisi, aliyedhani kucheka ni mali yake peke yake, akanuna.

"Baraza limeng'olewa meno!" walipokezana. "Kibogoyo atatafuna nini?"

Kasuku alisubiri kelele zipungue, akamalizia. Mgogoro wowote wa ardhi sharti upite kwanza barazani. Kikao cha usuluhishi kitakuwa na wajumbe watatu, na kwa uchache mmoja wao awe jike. Siku 30 zikipita bila mapatano, au baraza likiandika kwamba limeshindwa, wenye mgogoro watapanda wilayani kwa Mheshimiwa Mamba, ambaye meno anayo, tena kila linalong'oka lina la akiba.

Wajumbe wa zamani walijiuzulu kabla jua halijatua. Chui alisema hawezi kukaa mahali asiporuhusiwa kunguruma. Nyani aliuliza kesi za Ngedere sasa atazihukumu nani, akaondoka na kiti cha ofisi. Mtendaji wa Kata, Bwana Korongo, ambaye kwa desturi ya kazi yake husimama mguu mmoja chini na mwingine hewani, akaanza kutafuta wa kujaza nafasi. Alimpata Nungunungu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsogelea kumshauri akatae. Alimpata Bi Kanga, mwenye madoa yake meupe na sikio la kunasa jambo kabla halijasemwa. Mwisho akamfuata Mzee Kobe.

"Mzee, unajua kwamba baraza halina meno?"

"Mwanangu," alisema Kobe, akapanua kinywa aonyeshe ufizi, "mimi sikuwahi kuwa nayo. Na nimekula miaka tisini."

Mgogoro wa kwanza kuletwa ulikuwa na umri wa miaka mitatu na mafaili manne. Ngiri alilima viazi vitamu kwenye mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na lambo. Mzee Nyati na kundi lake walihamia Menoni mwaka wa ukame, na kila adhuhuri walishuka kunywa maji wakikata katikati ya shamba. Ngiri alisema pale ni shamba tangu enzi za babu yake. Nyati, aliyefika juzi, alisema pale ni njia tangu enzi za babu wa babu, ila hakufafanua babu wa nani.

Chui alipokuwa na meno barazani aliamua kwamba njia yote ni shamba. Ngiri akashinda, akalima mpaka ukingoni mwa maji. Nyati akakata rufaa kwa Mamba, ambaye aliamua kwamba shamba lote ni njia. Nyati akashinda, akapitisha kundi zima siku ya kupanda. Ngiri akachimba mashimo usiku. Ndama mmoja akavunjika mguu, na Fisi akajitolea kushughulikia mabaki. Sungura, wakili wa Nyati, akafungua shauri jipya. Kitungule, wakili wa Ngiri na binamu wa Sungura, akalijibu. Jioni wawili hao walikula viazi vya Ngiri katika sahani moja. Shauri liliahirishwa kwa sababu Mamba yuko safarini, kisha kwa sababu Mamba amelala, kisha kwa sababu faili limeliwa na mchwa. Kila upande ulikuwa umeshinda mara moja, na hakuna aliyekula kiazi wala kunywa maji kwa amani.

Ni kweli kwamba katikati ya hayo Fisi alijaribu kupatanisha. Alianza kwa kutaja gharama ndogo ya usumbufu, akasikiliza kwa muda wa kupangusa mate, akapendekeza nusu kwa nusu: nusu ya viazi na nusu ya ndama. Nusu zilizobaki hakusema zinakwenda wapi, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kobe hakutaka kikao kifanyike ofisini. Ofisini kulikuwa na jukwaa, na ingawa Nyani alikwisha kuondoka na kiti, alama za miguu ya kiti zilibaki sakafuni na kila aliyeingia aliziinamia. Walikaa duara chini ya mkwaju, Nungunungu akiwa katikati ya wagomvi, amesimamisha miiba kidogo tu, kwa adabu.

"Nawaambia kabla hatujaanza," alisema Kobe. "Mimi siamui. Mkinibembeleza siamui, mkinitukana siamui. Neno litakalosemwa hapa litabaki chini ya mkwaju huu. Mkishindwana mkaenda kwa Mamba, msiniite shahidi, kwa maana sitakumbuka kitu. Anayetaka kuondoka, njia ni ile pale. Na mkipatana, mapatano ni yenu, si yangu."

Nyati alimtazama kutoka juu, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. "Sasa kazi yako wewe ni nini?"

"Kuwakalisha."

Sungura akasimama, akafungua jalada lenye hoja kumi na nne. Alipofika hoja ya sita jua lilikuwa la utosi. Kobe akakohoa. "Waheshimiwa mawakili, mtungi umekauka. Mngetuletea maji."

Lambo lilikuwa ng'ambo ya shamba. Sungura na Kitungule wakashuka na mtungi wao, na kwa mara ya kwanza wakakutana ana kwa ana na jambo walilolitetea miaka mitatu. Huku kulikuwa na ua wa miiba wa Ngiri, huku mashimo, na katikati tope lililokanyagwa mpaka likawa uji. Walirudi magharibi, mmoja sikio limechanika, mwingine ameloa hadi kiunoni, mtungi una nusu. Hawakusema neno siku hiyo, na kikao kilikwenda vizuri.

Walipoulizwa wanataka nini, Ngiri alisema, "Shamba langu, basi." Nyati alisema, "Njia yangu, basi." Bi Kanga, aliyekuwa mwandishi, akaandika mistari hiyo miwili juu ya ukurasa, akaacha sehemu yote iliyobaki tupu.

"Mbona umeacha nafasi kubwa hivyo?" aliuliza Nungunungu.

"Hayo ni ya juu," alisema Bi Kanga. "Ya chini hayajaja."

Siku ya nane Kobe akaomba kuonana na kila mmoja faraghani. Ngiri huingia shimoni mwake kinyumenyume, pembe zikitazama nje, na tangu kesi ianze alikuwa ameufanya huo kuwa mwendo wake popote aendapo. Kobe alimkuta mlangoni amepiga magoti, anang'oa majani kama afanyavyo akila. Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza bei ya mbegu. Jua likapanda, na Kobe, ambaye hajawahi kuwa na haraka ya kufika popote, hakuuliza kitu.

"Viazi," alisema Ngiri ghafla, "huota tena."

Kobe alinyamaza.

"Mwanangu wa pili hakuota tena. Alifariki mwaka ule wa ukame. Menoni nzima ilikuja. Nungunungu alilala hapa siku tatu na miiba yake yote, tukamtafutia pa kulala. Nyati, zizi lake lile pale, vumbi lake tunalivuta puani, hakuja. Kesho yake adhuhuri akapita na kundi lake mbele ya waombolezaji, akaenda kunywa maji. Hakugeuza hata shingo."

Kobe alirudisha kichwa ndani ya gamba, kama afanyavyo anapotaka kusikia vizuri. Alipokitoa aliuliza, "Naweza kumwambia?"

"Thubutu!"

"Haya."

Siku hiyo hiyo Bi Kanga alikuwa kwa Mama Nyati. Hakuuliza habari za njia. Aliuliza kwa nini ndama wanashushwa lamboni saa sita, katika jua la kukausha mate.

"Asubuhi Tembo wanaoga," alisema Mama Nyati. "Jioni yupo Chui. Sisi tumebakiwa na saa sita." Akawa anamramba ndama mgongoni, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Na msibani kwa Ngiri tulitaka kwenda, shoga yangu. Nilishafunga unga. Lakini wiki ile ile mkutanoni Ngiri alikuwa ametuita wakuja, tena mbele ya watoto wetu. Bwana akasema tukienda watanong'ona kwamba wakuja wamefuata ubwabwa wa msiba. Unga ule nilikaa nao mpaka ukaingia fukusi."

"Nimwambie Ngiri?"

"Usije ukathubutu. Bwana atajua nimesema."

Usiku ule wajumbe watatu walikutana chini ya mkwaju. Nungunungu aliposikia yote mawili alisimamisha miiba mpaka ya mkiani. "Si tuwaambie basi! Tumalize leo tukalale!"

"Nimekabidhiwa," alisema Kobe, "sijapewa."

Zilipobaki siku tisa aliwaita wote. "Leo siulizi nani ana haki," alisema. "Kila mmoja amwambie mwenzake siku aliyoanza kumchukia. Si siku kesi ilipofunguliwa. Siku yenyewe."

Kimya kikatanda. Sungura alifunua jalada, akalifunga. Swali hilo halikuwa na kifungu cha sheria.

Ngiri ndiye aliyeanza, macho yakiwa chini. Alisema habari za mtoto, za matanga, za kundi lililopita bila kugeuza shingo. Kadiri alivyosema ndivyo pembe za Nyati zilivyoshuka, na alipomaliza zilikuwa zimegusa vumbi.

"Tulisikia kilio," alisema Nyati. "Unga ulikuwa umeshafungwa." Akaeleza habari ya lile neno, wakuja.

Ngiri aliganda. Hakulikumbuka. Alilitamka siku ile akiwa na hasira za bei ya mbegu, akaenda zake kulala, na mwenzake akalibeba miaka mitatu. Wahenga walikwisha kusema: mtenda husahau, mtendewa hasahau.

"Pole," alisema Nyati.

"Pole ya miaka mitatu imechacha," alisema Ngiri. Akakaa kidogo. "Lakini nimeipokea."

Hawakukumbatiana. Pembe haziruhusu.

Suala la njia, lililokula mafaili manne, lilichukua asubuhi moja. Bi Kanga aliuliza kwa nini Tembo hakuitwa, akaitwa. "Kumbe!" alisema Tembo. "Mimi nilidhani Nyati wanapenda jua. Mngeniambia ningeondoka mapema." Miaka mitatu hakuna aliyemwambia, kwa kuwa jina lake halikuwamo katika hati ya madai. Wakakubaliana kwamba Tembo wataoga usiku, wamuachie Nyati lambo umande ungalipo. Nyati watapita pembezoni mwa shamba, upana wa nyati wawili. Ngiri atafukia mashimo. Samadi itakayoanguka njiani ni ya Ngiri, na baada ya mavuno marando ya viazi ni ya Nyati. Mambo hayo mawili ya mwisho Mamba asingeweza kuyaamua hata angetaka, kwa maana hakuna aliyeyadai.

Bi Kanga akaujaza ule ukurasa, akatoa nakala tatu, wagomvi wakagonga kwato. Nakala moja ikapelekwa wilayani ikasajiliwe. "Siku mmoja wenu akilisahau neno lake," alisema Kobe, "Mamba atamwazima meno ya kulikumbukia."

Wakati wa kuagana Nyati aliinama tena, safari hii karibu zaidi. "Mzee, hivi kazi yako ilikuwa nini hasa?" Lakini Kobe alikuwa ameshaingia ndani ya gamba, amelala.

Habari zilipoenea, Chui alikuja barazani akiwa na tabasamu pana. Alikuwa amemla mtoto wa Swala, akataka wasuluhishwe. "Sisi ni majirani," alisema. "Yaliyopita si ndwele." Mtendaji Korongo aliunga mkono kwa sababu robo ya mwaka ilikuwa inaisha, na ripoti ilihitaji mapatano mengi. Swala, akitetemeka kuanzia masikio mpaka kwato, alisema amekubali.

Kobe hakumtazama Chui. Alimtazama Swala. "Umekubali, au umeogopa?"

Swala hakujibu.

"Hili si letu," alisema Kobe. "Kati ya jino na shingo hakuna nusu ya njia. Pelekeni kwenye meno."

Korongo alilalamika kwamba takwimu za kata zitashuka. Zikashuka.

Sungura naye hakulala njaa. Alifungua semina ya usuluhishi ya siku tano, yenye posho, chai, vitafunwa, na vyeti vilivyopigwa laminesheni. Somo la kwanza liliitwa "Nusu kwa Nusu". Mgeni rasmi alikuwa Fisi.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kutafsiriwa hekaya hii. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, na mabaraza ya kata, ambayo awali yalikuwa yakiamua, yakabakiwa na kazi ya kusuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka kata ithibitishe kwamba imeshindwa kuwapatanisha wahusika, au siku 30 zipite bila suluhu. Vicheko vya Menoni vilisikika hata kwetu. Waliocheka walisahau kwamba kijijini, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuna baraza la watu saba, watatu wao wanawake, ambalo lilizaliwa kibogoyo na kazi yake ni hiyo hiyo. Kenya nao wameiandika katika Katiba ya 2010: ibara ya 159 inazitaka mahakama, zenye meno yote thelathini na mawili, zihimize upatanishi na usuluhishi.

Hata ugomvi wa wakubwa huenda kwa mwendo wa Kobe. Mwishoni mwa Februari 2008, mazungumzo ya Nairobi ya kumaliza mgogoro wa uchaguzi wa Kenya yalipokwama mikononi mwa wajumbe, mpatanishi Kofi Annan aliyasimamisha, akawaendea wagomvi wenyewe, Mwai Kibaki na Raila Odinga. Tarehe 28 wakatia saini. Wajumbe, kwa lugha ya Menoni, walikuwa wametumwa maji.

Mwenye meno husimuliwa yale tu yatakayomfanya aume upande wa pili. Shamba langu, basi. Njia yangu, basi. Habari za unga ulioingia fukusi huambiwa yule asiyeweza kumng'ata yeyote, naye akazitunza mpaka mwenyewe awe tayari kuzitoa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoombwa kukaa kati ya wawili, iwe ni mpaka wa shamba, mirathi au mke na mume, jipapase ufizi kwanza. Ukigusa kitu kigumu, mpishe Kobe akae.